Sukari ya ujauzito, Kisumu: ninunue sensa ya mkononi, nitumie programu ya simu, au nibaki na daftari?

MamaSare, Nyamasaria

Habari zenu wapendwa. Naomba mawazo ya akina mama waliopitia jambo hili, na kama kuna sista au mkunga humu ndani, tafadhali asinipite.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule pale Kibuye. Mimba yangu imefika wiki 28. Kifungua mimba wangu alizaliwa na kilo 4.4, mabega yakakwama, tukapata taabu kubwa. Kwa hiyo safari hii kliniki hawakungoja dalili. Nilinyweshwa ile glukosi ya gramu 75 asubuhi kabla ya kula chochote, majibu yakawa 5.6 kabla ya kunywa, 10.4 baada ya saa moja, 8.9 baada ya saa mbili. Nikaambiwa hiki ni kisukari cha ujauzito. Ninunue mashine ya kupimia, nipime mara nne kwa siku: nikiamka kabla sijatia kitu mdomoni, kisha saa moja baada ya kila mlo. Nambari niziandike, nirudi baada ya wiki mbili.

Mashine ninayo, na kidole kimeshazoea kudungwa. Kinachonisumbua ni hivi.

Wifi yangu wa Nairobi anataka kunichangia ninunue sensa, kile kidude cha duara kama kifungo kikubwa cha koti kinachobandikwa nyuma ya mkono. Unapitisha simu juu yake na sukari inaonekana bila kujidunga. Kinakaa siku 14. Bei niliyotajiwa ya kimoja tu ingeninunulia boksi kadhaa za vijiti vya kupimia vya mashine, na vijiti vyenyewe si mchezo: vinne kwa siku, boksi la 50 halifikishi wiki mbili. Sasa nishike lipi?

Pili, kijana wa duka la dawa aliniwekea programu ya bure kwenye simu. Mashine ikisema 7.0, programu inaniandikia 126. Mashine ikisema 5.4, programu inasema 98. Nilishtuka siku ya kwanza, nikadhani nimezidiwa. Tena orodha yake ya vyakula haina hata kimoja ninachopika. Nikiandika nyoyo, haiijui. Omena haiijui. Osuga ndiyo kabisa.

Tatu, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Nambari zangu za mchana si mbaya, lakini za asubuhi ni 5.7, 5.9, 5.8, kila siku hivyo. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye na ananipenda sana, ananiambia nipunguze ugali wa usiku. Nimepunguza hadi nalala na njaa, na asubuhi ni ile ile. Naiona nambari, naiandika, basi. Tarehe yangu ya kliniki bado. Hata nikifika, foleni ni ndefu na daftari linatazamwa kwa dakika chache. Mtoto anakua humu ndani kila siku ilhali nambari zimelala kwenye karatasi. Hakuna njia ya simu inayoweza kumfikishia mtu nambari hizi kabla mimi sijafika?

Mume wangu ni dereva wa matatu za Busia, amesema yuko tayari kutoa pesa kwa kitakachosaidia. Sitaki kitu cha kuonyesha watu. Nataka kitakachomlinda huyu mtoto.


Mama_Section58, Nakuru

Pole dada. Mimi nilipata sukari ya ujauzito kwa mtoto wangu wa pili, na sensa niliwahi kuvaa, moja tu, kwa hiyo nitakwambia nilichokiona.

Kilichonisaidia kwenye sensa ni kuona sukari ikitembea. Kijiti kinakupa nambari ya dakika ile. Sensa inakuchorea mstari wa siku nzima, na mstari ule ulinifundisha kuhusu uji. Kila mtu alikuwa ananiambia uji wa wimbi ni dawa ya wajawazito, na kweli wimbi ni chakula kizuri, lakini uji mwepesi unaokunywa vikombe viwili saa moja asubuhi, tumbo halina kitu kingine, ulinipandisha hadi 9 na kitu. Wimbi ile ile nikiila kama ugali mchana, kipande kidogo na mboga nyingi na maharagwe, mstari haukushtuka. Asubuhi nikahamia mayai na kipande cha kiazi kitamu, na chai ya maziwa bila sukari. Hiyo chai bila sukari ilikuwa msiba wangu wa mwezi mzima, sitaficha.

La pili nililoliona ni kutembea. Nikimaliza chakula cha mchana na kuzunguka mtaa kwa robo saa, mstari ulikaa chini kuliko siku niliyokaa kitako. Hilo halihitaji sensa ukishalijua.

Lakini usiku ilinitesa. Ilikuwa inapiga kelele kwamba sukari imeshuka hadi 3 na kitu, naamka na jasho la woga, namwamsha mzee, najidunga kidole, mashine inasema 4.8. Daktari alinieleza baadaye kwamba nilikuwa nimelalia ule mkono, na mgandamizo unaifanya sensa isome chini. Mjamzito aliyeambiwa alale kwa ubavu hana mikono ya ziada, kwa hiyo kama utavaa, ubandike upande usioulalia sana.

Siku zilipoisha nilirudi kwa vijiti hadi nikajifungua. Sioni kama nilipungukiwa, kwa sababu nilikuwa na nesi wa kliniki ambaye kila Jumapili jioni nilimpigia picha ukurasa wa daftari nikamtumia WhatsApp, na Jumatatu alikuwa amejibu. Wiki moja alijibu kwa kunipigia simu akaniambia njoo leo. Nilianzishwa metformini, vidonge vya kushusha sukari, siku hiyo hiyo. Mtoto alikuwa na kilo 3.3 alipozaliwa, mzima.

Kwa hiyo kwangu mimi, pesa ya wifi ningeiweka kwenye vijiti vya kukufikisha hadi siku ya kujifungua, na nikibakiwa nayo ndipo ninunue sensa moja ya kujifunzia.


SistaZamu, Kakamega

MamaSare, mimi ni muuguzi mkunga, niko kliniki ya wajawazito huku Kakamega. Nianze na lako la tatu kwa sababu ndilo la haraka. Vifaa tutaongea baadaye.

Malengo tunayotumia kwa akina mama wengi ni haya: chini ya 5.3 kabla ya kula asubuhi, chini ya 7.8 saa moja baada ya mlo. Anayepima saa mbili baada ya mlo, lengo lake ni chini ya 6.7. Wewe mchana uko sawa, asubuhi umepita. 5.8 si nambari ya kukimbizwa hospitali usiku wa manane. Lakini ikijirudia wiki nzima na chakula umeshakirekebisha, si nambari ya kungojea tarehe iliyoandikwa kwenye kijitabu. Nenda kesho au kesho kutwa. Usiseme umekuja kliniki ya kawaida, maana utakaa foleni ile ile. Sema: "Nina kisukari cha ujauzito na sukari yangu ya asubuhi imezidi 5.3 wiki nzima ingawa nafuata chakula." Sentensi hiyo inafungua milango. Uwe na daftari mkononi, limefunguliwa kwenye ukurasa wenyewe.

Na kula usiku, tafadhali. Nambari ya asubuhi haitokani sana na ugali wa jana. Ukilala, ini lako linaachilia sukari kwenye damu, na homoni zinazotoka kwenye kondo la nyuma zinaipinga insulini yako isifanye kazi vizuri. Kadiri mimba inavyokua, upinzani huo unaongezeka. Ndiyo maana umejinyima na nambari haijasogea. Mjamzito akishinda na njaa mwili unaanza kuchoma mafuta na kutoa asidi, na hilo hatulitaki. Kula kipande cha ugali kiasi cha ngumi yako, samaki au omena au maharagwe, na mboga nusu ya sahani. Mwambie mama mkwe kwa heshima zote kwamba sista amesema tatizo haliko sufuriani. Muombe aje nawe kliniki siku moja asikie mwenyewe. Nimeona mara nyingi kwamba bibi wa mtoto akishaelewa, nyumba nzima inaanza kupika vizuri.

Kuna uwezekano wakakuanzishia metformini au insulini. Usiogope insulini. Haivuki kondo la nyuma kwenda kwa mtoto. Sukari ndiyo inayovuka, na mtoto anaipokea, kongosho lake linatengeneza insulini nyingi, ndipo anapojaa mafuta mabegani na kifuani kama yule wa kwanza. Mtoto wa namna hiyo pia anaweza kushukwa na sukari saa za kwanza baada ya kuzaliwa, kwa sababu kitovu kimekatwa na ile insulini yake bado iko juu.

Sasa simu na vidude.

Nimefanya kazi hii muda wa kutosha kuwa na msimamo, na msimamo wangu ni kwamba kifaa cha kisukari cha ujauzito kinafaa kulingana na nani anasoma upande wa pili. Programu nzuri yenye rangi na michoro ambayo haina mtu anayesoma ni daftari lako lile lile, limehamishiwa kwenye kioo. Ujumbe mfupi wa kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, unaosomwa na muuguzi mwenye ruhusa ya kumwita daktari ni matibabu. Kule Oxford, Uingereza, walitengeneza mfumo unaoitwa GDm-Health: mashine ya sukari inaongea na simu kwa Bluetooth, simu inatuma nambari kwa wakunga, wakunga wanazipitia na kumwandikia mama. Walipoupima kwa kuulinganisha na kliniki za kawaida, matokeo yakachapishwa 2018, sukari za makundi mawili hazikutofautiana sana. Lakini akina mama waliotumia simu waliridhika zaidi na huduma, na waliojifungua kwa upasuaji walikuwa wachache. Mimi ninapousoma utafiti ule, macho yangu yanatua kwa yule mkunga aliyekuwa anafungua kompyuta na kuzisoma.

Kwa hiyo ukienda kliniki, kabla hujaondoka uliza waziwazi: Nambari zangu nimtumie nani? Kwa simu ipi, siku gani? Yeye akiwa likizo nani anasoma? Na ni nambari gani nisiyopaswa kuituma bali nije nayo mwenyewe? Kliniki yetu ina simu ya idara, si simu ya mtu binafsi, na akina mama wanatuma mara moja kwa wiki. Wenye simu za kisasa wanatuma picha. Wenye kabambe wanaandika hivi: "Jtt asb 5.7, chai 7.2, mch 7.5, jio 7.0". Inatosha kabisa. Kama kliniki yako haina utaratibu huo, omba kwa upole muuguzi mmoja akubali. Wengi wetu tunakubali tukiombwa, mradi usitume saa sita usiku.

Pia jiunge na PROMPTS ya Jacaranda Health kama bado. Ni ujumbe wa simu wa bure, unakuja kulingana na umri wa mimba, na ukiuliza swali unajibiwa. Haitafsiri sukari yako, lakini inakukumbusha kliniki na dalili za hatari, na inaingia hata kwenye kabambe.

Kuhusu sensa. Ushahidi wenye nguvu ni wa akina mama wenye kisukari cha aina ya kwanza, waliokuwa nacho kabla ya mimba. Utafiti uitwao CONCEPTT, uliochapishwa 2017, ulionyesha kwamba waliovaa sensa walipata watoto wachache waliokua kupita kiasi, na watoto wao wachache walilazwa chumba cha uangalizi maalumu au kushukwa na sukari. Mama wa aina hiyo akiniuliza, namwambia auze kuku anunue. Kwa kisukari cha ujauzito kama chako ushahidi haujafikia nguvu hiyo, na vijiti vinne kwa siku vinatosha kwa wengi. Jua pia kwamba sensa haisomi damu. Inasoma majimaji yaliyo chini ya ngozi, kwa hiyo sukari ikipanda au kushuka kwa kasi, yenyewe inachelewa dakika kadhaa. Siku ya kwanza usomaji wake haujatulia. Ikikuonyesha kitu kisicholingana na unavyojisikia, amini kidole.

Kidole nacho kina masharti. Nawa mikono kwa sabuni na ukauke kabla ya kupima. Umemenya embe au ndizi, sukari ya tunda imebaki kwenye ngozi, kijiti kitakusomea nambari ya embe. Vijiti vikae kwenye kikopo chao, kifuniko kimefungwa. Usiviache kwenye dashibodi ya matatu ya mzee huko Busia, joto linaviharibu. Angalia tarehe ya mwisho. Na huku kwetu magharibi, ambako malaria inawaacha akina mama wengi na damu kidogo, nakuomba uulize damu yako ni ngapi, yaani hemoglobini. Damu ikiwa chini sana baadhi ya mashine zinasoma sukari juu kuliko ilivyo. Kwa sababu hiyo hiyo usikubali kuhukumiwa kwa kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) peke yake. Mimba yenyewe inakivuruga, upungufu wa damu unakivuruga, na mwenye chembechembe za selimundu, ambao ni wengi Nyanza na Magharibi, kinaweza kumdanganya kabisa.

Jambo la mwisho, lishike. Mtoto akipunguza kucheza, ukitoka damu au maji, kichwa kikiuma sana na macho yakiona ukungu, uso ukivimba ghafla: usitume ujumbe kwa mtu. Panda boda uende.


FundiSimu_Kondele

Dada MamaSare, mimi natengeneza simu Kondele, na mke wangu alikuwa na hali kama yako. Ya dawa nawaachia wenyewe, niongeze ya simu.

Zile 126 na 98 si ugonjwa. Ni vipimo viwili vya kitu kimoja. Marekani wanahesabu miligramu kwa desilita, huku kwetu kliniki zinahesabu milimoli kwa lita. Gawanya nambari kubwa kwa 18 unapata ndogo: 126 inakuwa 7.0, 98 inakuwa 5.4. Fungua mipangilio ya programu, tafuta vipimo, chagua mmol/L. Fanya leo. Siku utakapotuma picha kwa daktari wa zamu ambaye hakujui, hutaki aanze kukisia.

Kabla ya wifi kutuma pesa ya sensa, angalia kama simu yako ina NFC, ile redio ndogo ya kusoma kitu kilichosogezwa karibu na simu. Sensa ile ya kupitishia simu inahitaji kitu hicho, na simu nyingi za bei nafuu tunazonunua hapa mjini hazina. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya viunganishi. Kama neno NFC halipo, utalazimika kununua kisomaji chake pembeni, na bajeti imebadilika. Nimeona mtu amenunua sensa, ameibandika, ndiyo anakuja kwangu kuuliza kwa nini simu haioni kitu.

Sensa inayopiga kengele kwa Bluetooth ina shida nyingine. Simu nyingi zina kiokoa betri kinachozima programu zilizo nyuma. Usiku simu inaiua programu na kengele haitalia. Ondoa programu hiyo kwenye orodha ya kuokoa betri, na usiifunge kwa kufagia.

Ya kuandika vyakula, achana na orodha ya wazungu. Piga picha sahani yako, na baada ya saa moja piga picha kioo cha mashine. Picha zinakaa pamoja kwa mpangilio wa saa, hazili bando, na sista akitaka kujua ulikula nini siku ya 8.4 unamwonyesha nyoyo yenyewe.

Usiri pia. Programu ya sukari haina sababu ya kusoma majina ya watu kwenye simu yako wala jumbe zako. Ikiomba ruhusa hiyo, kataa. Ikigoma kufanya kazi, ifute. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hapa Kenya inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na una haki ya kuuliza wanaiweka wapi na kudai ifutwe. Na usitume nambari zako kwenye kundi la WhatsApp la chama au la kanisa hata kama kuna nesi ndani. Tuma kwake moja kwa moja.


MamaSare, Nyamasaria

Nimesoma yote, nyingine mara mbili, na mama mkwe nimemsomea ya Sista kwa sauti. Amenyamaza kidogo, kisha akaniwekea omena na ugali wa mtama, akasema kula.

Nimetoka kliniki. Nilisema ile sentensi. Nimepimwa damu, iko 10.1, nimepewa vidonge vya madini ya chuma. Nimeanzishiwa insulini ya usiku, dozi ndogo, na nimeonyeshwa kudunga. Muuguzi mmoja amekubali nimtumie nambari Jumatano na Jumapili. Ni mara mbili kwa wiki kwa sababu dozi itakuwa inapandishwa polepole.

Simu yangu haina NFC. Nimemwambia wifi anitumie pesa ya vijiti, na hakukasirika.

Swali: sina friji. Nyumba yetu ni ya mabati na jua la Kisumu mnalijua. Insulini niiweke wapi? Na sukari ikishuka usiku nitajuaje bila sensa?


SistaZamu, Kakamega

Umefanya vyema sana, mama. Nimefurahi.

Chupa unayoitumia haihitaji friji, inahitaji kivuli na ubaridi. Nyingi zinastahimili wiki nne zikiwa chini ya nyuzi 30, lakini soma karatasi iliyo ndani ya boksi lako. Kwa nyumba ya mabati tumia vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, umwagilie maji asubuhi na jioni, ufunike kwa kitambaa kibichi. Insulini iwe kwenye mfuko usiopenya maji ndani ya chungu kidogo. Weka chini ya meza upande usiopigwa na jua, mahali hewa inapita. Chupa ambayo hujafungua omba ikae kwenye friji ya kliniki au ya jirani, mbali na sehemu ya barafu, kwa sababu ikiganda haifai tena. Insulini ikibadilika rangi, au ikifanya vidonge visivyochanganyika ukiizungusha taratibu, irudishe.

Kushuka kwa sukari utakusikia: kutetemeka, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Ukiamka hivyo, pima. Chini ya 3.9, au kama mashine iko mbali na wewe unatetemeka, kunywa vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji. Pima tena baada ya dakika 15. Bado iko chini, rudia. Ikikaa sawa, kula kitu kidogo. Andika saa na nambari, na hiyo umjulishe muuguzi asubuhi hiyo hiyo, usingoje Jumatano. Mfundishe mume na mama mkwe wote wawili. Ukiwa umezirai wasikutie kitu mdomoni. Wakulaze kwa ubavu, wakukimbize hospitali.

Dozi aipandishe yeye. Usipandishe kwa kuwa programu imekushauri, wala jirani, wala mimi hapa.

Na uweke ukumbusho kwenye simu sasa hivi kabla hujasahau: wiki sita hadi kumi na mbili baada ya kujifungua, urudi kunywa ile glukosi tena. Wengi hawarudi kwa sababu mtoto yuko mzima na sukari imeshuka yenyewe, lakini aliyepata kisukari cha ujauzito ana hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha kudumu miaka ya mbele. Baada ya hapo upime kila mwaka, ama angalau kila miaka mitatu. Siku ya kujifungua waambie wakunga mapema wampime mtoto sukari, na umnyonyeshe ndani ya saa ya kwanza.


Mama_Section58, Nakuru

Nina kikopo cha vijiti ambacho hakijafunguliwa, tarehe yake bado ni ndefu. Mashine yako ni ya aina gani? Kama inaingiliana na yangu nikuwekee kwenye basi la Kisumu, umtume mzee akichukue stendi.